Karatasi Kwanza, Mashine Baadaye: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Kadi na Mapambo ya Sikukuu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: zile mashine ndogo za mezani zinazokata karatasi kwa kufuata mchoro wa kwenye kompyuta au simu. Krismasi inakaribia, wengine mnajipanga mapema kwa Ramadhani na Idd, na kila mtu anataka kadi na mapambo yaliyotoka mikononi mwake. Mimi kazi yangu ni kadi, na niliianza kwa mkasi na wembe. Mashine naipenda, lakini naomba mnielewe tangu mwanzo: inachokijua ni kukata tu. Kazi nzuri inatoka kwenye karatasi uliyoichagua na mchoro uliouandaa.

Shikamoo shangazi. Nina mashine ya Cricut Explore niliyoletewa na mdogo wangu. Stika inazikata safi kabisa, ila nikiweka manila nikate nyota na vibendera vya Krismasi, karatasi inachanika kwenye pembe na kingo zinatoa manyoya. Nimeongeza nguvu ya kisu mpaka mwisho, ndiyo kwanza inaharibu zaidi. — Mama wa Chumbageni, Tanga

Marahaba mwanangu. Kwanza irudishe hiyo nguvu chini. Kisu kikikandamizwa kupita kiasi kinazidi kuchana, na mkeka nao, lile bamba linalonata unalobandikia karatasi, unapata makovu yasiyopona.

Sasa ishike hiyo manila. Chana kipande kwa mkono, kisha tazama pale kilipochanika. Ukiona nyuzi ndefu zimesimama, ujue karatasi haikushindiliwa vizuri, na kisu kitazivuta vilevile ulivyozivuta wewe. Manila nyingi za shuleni ndivyo zilivyo. Zinafaa kuandikia kwa kalamu nene na kubandika ukutani, lakini pembe kali za nyota haziziwezi. Tafuta karatasi ngumu iliyoshikana, ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, tena yenye rangi mpaka ndani, kwa sababu iliyopakwa rangi juu tu itakuachia mstari mweupe kila inapokatwa. Kabla hujafungua pakiti nzima ya dukani, pitia kwa wanaochapa kadi za harusi na za mchango. Wakishapunguza kingo hubaki na vipande vizuri mno vya karatasi ya maana, na nyota ya sentimita 8 haihitaji karatasi nzima.

Jambo la pili ni hewa ya kwenu. Tanga ni bahari, na karatasi hunyonya unyevu. Ikilowa hata kidogo nyuzi zake hulainika, kisu kinazisukuma badala ya kuzikata. Zihifadhi karatasi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu na mabegi. Toa unazokata tu, na kata mchana jua likiwa kali. Usiku wa mvua fanya kazi ya kubandika.

Tatu, kisu na mkeka. Kisu kilichokata stika muda mrefu huwa na gundi kwenye ncha. Fanya mpira mdogo wa karatasi ya foili, kisha kichomeke na kukitoa mara nyingi. Uchafu unabaki kwenye foili. Kama bado kinachana baada ya hapo, kimechoka, kibadilishe. Ningekushauri uwe na kisu cha karatasi na kisu cha stika, kila kimoja na kazi yake. Mkeka uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kiganja, bila kusugua kwa nguvu, kisha uanike kivulini. Juani utapinda. Mkeka usionata unaiacha karatasi itembee chini ya kisu, na hapo ndipo pembe zinapochanika.

Kisha jaribu: mraba wa sentimita 2 wenye pembetatu ndani yake, pembeni mwa karatasi utakayoitumia. Weka nguvu ya wastani na uiambie mashine ipite mara mbili. Mipito miwili myepesi kwenye karatasi ngumu huacha ukingo safi kuliko mpito mmoja mzito. Ikimaliza, usiibandue karatasi kutoka kwenye mkeka. Ugeuze mkeka kifudifudi mezani, uukunje taratibu kuelekea juu, karatasi ibaki imelala. Ukiivuta karatasi, nyota zako zote zitajikunja.

Bwana Yesu asifiwe dada. Sisi ni kwaya ya vijana, tunataka kutengeneza kadi za Krismasi tuziuze tupate sare. Mashine tumeazimwa. Shida ni michoro: yote tunayoipata mtandaoni ni theluji, kulungu na sanamu la theluji lenye skafu. Kuna michoro ya kwetu inayofaa kukatwa? — Vijana wa Kwaya, Moshi

Amina, wapendwa. Barua yenu nimeisoma kwa furaha, maana hili nimelisubiri siku nyingi mtu aliulize.

Hakuna aliyesema Krismasi lazima iwe na theluji. Kadi inayojulikana kuwa ya kwanza ya Krismasi kuchapwa ili iuzwe iliagizwa na Henry Cole mjini London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley. Katikati yake kuna familia iliyonyanyua glasi, na pembeni kuna watu wanaowalisha na kuwavika maskini. Walichora walichokithamini wao. Nanyi chorani chenu.

Na kama mnataka theluji kwa lazima, ninyi wa Moshi mnayo ya halali: iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Fanyeni mchoro wa matabaka manne. La nyuma kabisa ni mbingu, karatasi nzima ya rangi ya machungwa au samawati. La pili ni Kibo cha kijivu chenye kile kichwa bapa, na juu yake mnabandika kipande cheupe chenye ukingo wa chini uliochongoka ovyoovyo. La tatu ni msitu na vilima, kijani kilichokolea. La mbele ni migomba, paa la bati na mnara wa kanisa. Kila tabaka likatwe na fremu yake ya ukubwa uleule, ili yakipandana yalingane pembe kwa pembe. Jani la mgomba lipeni mipasuko michache tu. Mkilichana kama lilivyo kweli kwenye upepo, mashine italigeuza kuwa vumbi. Popote karatasi inapobaki nyembamba, isipungue milimita 2.

Mkiweka selotepu ya sponji ya milimita 2 kati ya matabaka, mlima unasogea nyuma kweli na kazi inapendeza sana, lakini hesabuni: nafasi tatu ni milimita 6, bado unene wa karatasi zenyewe. Hiyo haiingii kwenye bahasha ya kawaida. Basi yenye sponji uzeni kama picha ndogo ya kuweka mezani, na ya kutuma kwa bahasha bandikeni kwa gundi tu.

Mchoro wa pili ninaoupenda kuliko yote ni ua la mkrismasi. Mnaujua mti wenyewe, unavyowaka mwekundu Novemba na Disemba hata barabara ikabadilika rangi. Chuma ua moja ulitazame kabla hujachora. Lina petali tano. Nne ni nyekundu, zimetanuka, nyembamba kwenye shina na pana kwa mbele kama kijiko, kingo zake zimekunjamana. Ya tano imesimama, ina madoa meupe na ya njano. Watu wengi wakilichora hufanya zote tano nyekundu, na hapo linakuwa ua la kawaida tu la kitabuni. Kateni nne kwenye karatasi nyekundu, moja kwenye nyeupe, ile nyeupe muipake mistari myekundu na ya njano kwa kalamu za rangi. Kila petali ipitisheni kwenye ukingo wa rula ijikunje kidogo kabla ya kubandika. Majani yake ni madogo mno kwa mashine; chora machache, makubwa kuliko yalivyo, yanatosha kumwambia mtu ni mti gani.

Kwa kadi, A4 moja mkiikata kati inatoa A5 mbili, kila moja ikikunjwa inakuwa A6, na bahasha yake ni C6. Nunueni bahasha kwanza ndipo mkate kadi.

Asalaam aleikum dada. Nataka kutengeza kadi za Idd na taa za karatasi za Ramadhani. Nikiandika Kiarabu kwenye programu ya mashine herufi zinatoka mojamoja, tena zimepinduka. Na je, niweke Bismillahi au aya kwenye vibendera vya kuning'iniza? — Binti wa Old Town, Mombasa

Waaleikum salaam warahmatullah. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo zito. Vibendera baada ya sikukuu huanguka, hukanyagwa, huishia jaani. Jina la Mwenyezi Mungu na aya zake usiziweke kwenye kitu ambacho unajua kitakwenda huko. Kwenye vibendera weka mwezi, nyota, taa, au maneno ya pongezi. Aya ziache kwa kazi ya fremu inayokaa ukutani mahali pa heshima, na hata vile vipande vinavyodondoka unapokata uviweke kando kwa adabu.

Kuhusu herufi: programu kadhaa za mashine hizi hazijui kuunganisha Kiarabu. Andika kwenye Inkscape, ni programu ya bure, herufi zitaungana zenyewe. Kisha ugeuze maandishi yawe mchoro, uyaunganishe yawe umbo moja, uhifadhi faili la SVG, yaani faili la mchoro wa mistari, ndipo ulifungue kwenye programu ya mashine. Likifika huko ni picha tu.

Sasa fikiria unakata namna gani. Ukikata Idd Mubarak kwa Kiarabu kama tundu, yaani maandishi yawe uwazi ndani ya kadi, nukta hazikusumbui, zitakuwa vitundu. Utakachoangalia ni jicho la herufi mim: likiwa wazi katikati, kile kiini kitadondoka, basi liunganishe kwa kidaraja chembamba au chagua mwandiko wenye mim iliyojaa. Ukikata kinyume chake, maandishi yawe kipande cha kubandika, nukta mbili za herufi ya na moja ya herufi ba zitatoka peke yake, ni lazima uzibandike kwa kibano. Wanaoandika kwa herufi za Kilatini wana kazi zaidi: d mbili, b na a mbili, zote zina macho.

Taa yako ifanye ya pande sita, kila upande nakshi yake. Huna haja ya kutafuta nakshi mbali: milango ya Mji wa Kale hapo nje kwako imejaa. Piga picha mlango mmoja, chora kipande kimoja tu kinachojirudia, na upange. Ndani weka taa ndogo za betri. Mshumaa usiuwashe kamwe ndani ya karatasi.

Dada, tunapamba madrasa kwa ajili ya Maulidi. Ile karatasi laini ya kufungia zawadi mashine inaikusanya yote kama kitambaa. — Msomaji, Unguja

Hiyo usiipeleke kwenye mashine. Mkeka ukinata unaichana, usiponata inakimbia. Watu wa San Salvador Huixcolotla, katika jimbo la Puebla nchini Mexico, wanaifahamu karatasi hii kuliko wote. Vibendera vyao vya sikukuu, papel picado, hukatwa kwa patasi na nyundo, makumi ya karatasi kwa pamoja, na mchoro mmoja ukiwa juu. Nendeni kwa fundi seremala, na Unguja hamkosi, mwombeni patasi nyembamba na ya mviringo zilizonolewa. Banini karatasi 20 kwa vibanio juu ya ubao laini, kateni kuanzia katikati ya mchoro kwenda nje. Vijana wawili watamaliza ukumbi mzima.

Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Nataka wanafunzi wangu wafanye kadi ambayo ukiifungua kitu kinasimama. Tuna mashine moja ya mzazi. Nikipima, kile kinachosimama kinachungulia nje kadi ikifungwa. — Mwalimu, Dodoma

Nzuri mwalimu. Chukua kadi ya A5 iliyokunjwa kati, kila upande una kimo cha milimita 105. Kijisanduku kinachosimama kinatokana na mikato miwili sambamba inayovuka mkunjo. Tuseme inaanza milimita 40 juu ya mkunjo na kuishia 30 chini yake. Kadi ikifungwa, kijisanduku kitafika 40 kujumlisha 30, yaani 70, kutoka kwenye mkunjo. 70 ni pungufu ya 105, hakichungulii. Hesabu yako ya kuchungulia itakuwa imezidi 105. Na mkunjo wa kijisanduku chenyewe, ule unaotokeza kwako, uko milimita 10 juu ya mkunjo mkuu, kwa hiyo kati ya ile mikato miwili usiukunje mkunjo mkuu kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwa watoto iwe rahisi zaidi, na mashine haihitajiki. Wakunje kadi, wakate kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo mikato miwili ya milimita 35, kisha wasukume kile kipande kiingie ndani. Pande zote zimelingana, hesabu imekwisha. Mashine itumie nyumbani kukata vile vya kubandika mbele ya kijisanduku: mti wa Krismasi, jahazi, msikiti, chochote, darasa zima mikeka michache tu. Mistari ya kukunjia waipitishe kwa kalamu iliyoisha wino na rula, mkunjo utakaa sawa.

Shikamoo shangazi, nakuandikia kutoka Minneapolis. Nataka kununua mashine iliyotumika nimpelekee dada yangu Dar aanze biashara ya kadi na mapambo. Niangalie nini? — Kaka mtu

Marahaba baba. Uliza jina kamili la mashine kabla hujatoa dola. Zile Cricut za zamani kama Mini zilitegemea programu ya mtandaoni iliyofungwa mwaka 2018. Mini sasa haina msaada wowote, hata ikiwa mpya ndani ya boksi. Usidanganywe na bei.

Tazama umeme. Huko ni volti 120, hapa ni 230. Soma kibandiko kwenye adapta: kikiandikwa 100–240V, anachohitaji ni plagi tu. Kikiandikwa 120V peke yake, iache hukohuko.

Tazama upana. Cricut Joy inakata upana wa sentimita 11 na kidogo, inatosha kadi za A6 na si zaidi. Silhouette Portrait, ya kampuni nyingine, ni kama sentimita 20. Cameo ya Silhouette na Explore ya Cricut ni kama 30, hizo zinameza A4 bila shida. Na muulize dada yako hali ya bando. Design Space, programu ya Cricut, inataka akaunti na, kwa kazi nyingi, intaneti. Silhouette Studio inafanya kazi bila intaneti, ila toleo lake la bure halifungui SVG. ScanNCut ya Brother ina skana yake ndani, anaweza kuchora kwa mkono, akaiweka, ikakata bila kompyuta. Kwa mtu anayejua kuchora, hiyo naiona nzuri sana.

Kisha kwenye begi mwekee visu na mikeka ya akiba. Mashine huishi miaka, mikeka haiishi, na akikosa mkeka wiki ya Krismasi biashara imelala.

Dada, kadi moja niuze bei gani? Jirani anauza chini yangu. Na naweza kutumia zile katuni za watoto? — Mama Wawili, Kimara

Usianze na bei ya jirani. Kata kadi kumi ukiwa na saa mezani, tangu unawasha mashine mpaka bahasha ya kumi imefungwa. Utaona mashine ilichukua muda mdogo. Muda umekwisha kwenye kuchokonoa vipande na kubandika. Jumlisha karatasi, bahasha, gundi, Luku, bando, na sehemu ya kisu na mkeka, kisha ongeza malipo ya saa zako. Gawa kwa kumi. Chini ya hapo unamlipa mteja akuchukulie kadi. Ukitaka kushusha bei, punguza vipande vya kubandika kwenye mchoro, usipunguze ubora wa karatasi.

Katuni hapana. Zina wenyewe, na sheria ya hakimiliki inawalinda hapa Tanzania pia. Hata faili la bure la mtandaoni, soma leseni yake: mengi yameandikwa ni ya matumizi binafsi, maana yake ukiuza umekiuka. Mchoro uliochora mwenyewe hauna swali hilo, na ukishapendwa wateja wataufuata kwako tu. Uhifadhi kwenye flashi mbili. Oda za Krismasi acha kuzipokea tarehe 15 Disemba, wiki inayobaki iwe ya kumalizia ulizokwisha chukulia malipo ya awali.